Dada, ni mimi niliyembemenda?

Alisubiri mama mkwe wake atoke nje kutafuta bodaboda, ndipo akauliza. Hakuniangalia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa mkeka, ameishika mikono yote miwili ya mtoto ndani ya viganja vyake kama mtu aliyefumbata kifaranga.

"Dada, niambie ukweli. Ni mimi niliyembemenda?"

Kubemenda, kama tunavyosema Pwani, ni mama kumdhoofisha mtoto anayenyonya kwa kurudi kwa mume au kushika mimba mapema.

Mtoto ana miaka minne. Kwa nusu saa nilikuwa nikimnyoosha miguu na nyonga, na muda wote huo mikono yake haikupumzika. Kiganja juu ya kiganja, vidole ndani ya vidole, mbele ya kifua: anasugua, anakamua, anasugua tena. Bibi yake husema mjukuu anafua. Na kweli ukimtazama utadhani ameshika kitambaa kidogo chenye doa lisilotoka.

Nikamjibu harakaharaka, "Hapana mama, si wewe."

Akanyanyua macho. "Umejuaje?"

Mkwe akaingia, bodaboda ikapiga honi, wakaondoka. Swali la kwanza nilikuwa nimeshalijibu. La pili ndilo nililorudi nalo nyumbani.

Nimelala nalo wiki sita. Nimelisikia nikikuna nazi, nimelisikia kwenye daladala nikitoka kazini. Naamini jibu langu lilikuwa sahihi, lakini nililitoa kwa huruma, na yule mama hakuomba huruma. Huruma amepewa na wengi. Aliomba ukweli, na ukweli una njia yake ya kujulikana.

Njia hiyo sikuijua.

## Kadi ya kliniki

Kadi ya mtoto huyu inapendeza kuitazama mpaka mwezi wa kumi na tano hivi. Uzito unapanda na mstari. Mama anakumbuka kila kitu: alikaa kwa wakati wake, alishika kipande cha muhogo akajilisha, alisema "baba", akasema "maji", na neno la tatu ambalo walilielewa wao wawili tu. Halafu vikaondoka. Hakupata homa kali, hakuanguka. Maneno yalitangulia, kisha mikono ikausahau muhogo, ikaanza kufua.

Katika miezi hiyohiyo baba yake, dereva wa malori ya masafa, alirudi kutoka Lubumbashi akakaa nyumbani majuma mawili, na mama akashika mimba nyingine angali ananyonyesha.

Mtaa ukajumlisha.

Nataka kuwatendea haki waliojumlisha, maana si watu wabaya. Mama mkwe huyo ndiye aliyembeba mtoto mgongoni kumpeleka kwa mganga na kwa sheikh, ndiye aliyemnywesha kombe la zafarani kijiko kwa kijiko, na ndiye anayemleta mazoezini kila baada ya wiki mbili. Waliona mambo mawili yametokea pamoja wakayafunga kwa kamba moja. Na hesabu yao inaingia, ndipo panapouma. Umri ambao watoto wa namna hii huanza kurudi nyuma, kati ya miezi 6 na 18, ndio umri ambao mama wengi wa kwetu wanarudi kwa waume zao au wanashika mimba inayofuata. Ukitazama kalenda peke yake, kubemenda kutathibitika kila mara.

Faili lake limeandikwa mtindio wa ubongo. Mimi ni mtu wa mazoezi ya viungo, kazi yangu si kutoa majina ya magonjwa. Lakini mtindio wa ubongo haumnyang'anyi mtoto maneno aliyokwisha kuyasema. Usiku ule nikaanza kusoma kuhusu mikono inayofua, na huko ndiko nilikokutana na habari za Huda Zoghbi, daktari na mtafiti wa magonjwa ya ubongo ya watoto.

## Benchi la Vienna

Kabla yake kuna benchi.

Mwaka 1954, huko Vienna, daktari wa watoto Andreas Rett aliwaona wasichana wawili kwenye chumba cha kusubiri, wamepakatwa na mama zao, na wote wawili wanafua. Mikono ileile, mwendo uleule. Akaanza kuwatafuta wengine, na mwaka 1966 akaandika alichokiona. Aliandika kwa Kijerumani, wachache wakasoma, na kwa miaka 17 wasichana hao waliendelea kuandikiwa majina mengine kwenye mafaili yao.

Sweden, Bengt Hagberg alikuwa akiwaona wa kwake bila kujua habari za Rett. Mwaka 1983 yeye na wenzake wa Ufaransa na Ureno walichapisha kwa Kiingereza maelezo ya wasichana 35, na ugonjwa wakaupa jina la yule aliyewatangulia. Kitendo hicho nimekipenda sana.

Nimekaa muda mrefu na picha ya benchi lile. Benchi letu la nje hujaa mama asubuhi ya Jumanne, na nimepita mbele yake miaka tisa nikiita namba.

## Wawili ndani ya wiki moja

Huda Zoghbi alizaliwa Beirut mwaka huohuo wa 1954. Moyo wake ulikuwa kwenye fasihi, mama yake ndiye aliyemshawishi asome sayansi, kwamba kuandika hakutamkimbia. Alipoanza udaktari katika Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut mwaka 1975, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha kuwaka. Mdogo wake wa kiume akajeruhiwa na kipande cha bomu. Wazazi wakawapeleka watoto kwa ndugu Texas, wakae mpaka hali itulie. Haikutulia. Akamalizia udaktari katika chuo cha Meharry, Nashville, mwaka 1979, kisha akaenda Houston, katika Chuo cha Tiba cha Baylor na hospitali ya watoto ya Texas. Alikusudia kuwa daktari wa moyo wa watoto. Ubongo ukamvuta.

Mwaka 1983, akiwa bado kwenye mafunzo ya ubingwa, aliletewa msichana mdogo aliyekuwa akikua vizuri kisha akaanza kupoteza kimoja kimoja. Mikono inafua. Makala ya Hagberg ilikuwa imetoka karibuni.

Wiki moja baadaye akaletewa wa pili.

Sehemu hii nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Kinachonigusa ni kwamba hakukaa akangoja wa tatu. Alikwenda kwenye mafaili ya kliniki kuwatafuta wasichana waliokuwa wameandikiwa magonjwa mengine, na akawapata. Kisha akafanya jambo ambalo daktari wa wodini halifanyi kirahisi: alikiri kwamba kwa wasichana hawa hakuwa na chochote mkononi, na kwamba kama anataka kuwa nacho itabidi aingie maabara, mahali ambapo hakuwa na uzoefu wowote. Mwaka 1985 akaanza upya kama mwanafunzi, katika maabara ya mtaalamu wa jeni Arthur Beaudet.

## Ugonjwa wa ukoo usio na ukoo

Hapa palikuwa na ugumu ambao mama mkwe wa hapa kwetu Tanga angeuelewa mara moja.

Ugonjwa wa damu, kama tunavyousema, hutembea. Babu alikuwa nao, shangazi anao, mtoto atakuwa nao. Wasichana wa Rett hawakuwa hivyo. Karibu wote walikuwa peke yao katika ukoo mzima: hakuna dada, hakuna shangazi, hakuna bibi. Ukisema huu ni ugonjwa wa jeni, mtu anauliza ulitoka kwa nani, na huna wa kumwonyesha.

Zoghbi alishikilia kwamba ni jeni. Sababu zake zilikuwa za mtu aliyewatazama wagonjwa kwa macho yake. Walikuwa karibu wote wasichana. Na walifanana mno, wa Houston na wa Sweden, utafikiri wamefundishwa na mwalimu mmoja. Jambo linalofanana hivyo na kuchagua jinsia hivyo lilinukia kromosomu X, mojawapo ya nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni na kuamua jinsia.

Msichana ana X mbili, moja ya mama na moja ya baba, na kila seli yake huzima moja na kutumia nyingine. Kwa hiyo X moja ikiwa na kosa, nusu hivi ya seli zake za ubongo zinafanya kazi na kosa hilo, nusu hazinalo. Anaishi, lakini kwa shida. Mvulana ana X moja tu. Yenye kosa ikiwa ndiyo hiyo, kwa kawaida huugua vibaya tangu siku zake za mwanzo, na wengi hawafiki umri wa kufua.

Waliomwongoza walimshauri aanzie kwenye ugonjwa wenye ukoo wa kuonekana. Akatii nusu. Alichukua ataksia, ugonjwa unaowapotezea watu wazima uwezo wa kutembea sawasawa, uliokuwa katika familia moja kubwa huko Texas. Kwa kushirikiana na Harry Orr wa Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1993 wakaipata jeni yake: herufi tatu za maandishi ya jeni, CAG, zimejirudia kupita kiasi, kama mtu mwenye kigugumizi katikati ya neno. Ugunduzi huo peke yake ungetosha kumlisha mtafiti maisha yake yote.

Rett hakuiacha.

Kutoka wiki ile ya 1983 mpaka jibu lilipopatikana ni miaka 16. Hapo ndipo nilipofunga kompyuta siku mbili. Nilikuwa nikiwafikiria wale wasichana wawili. Kama walikuwa hai mwaka 1999, walikuwa wanawake wazima. Mama zao waliishi miaka 16 na swali ambalo mimi sikuweza kulivumilia wiki sita, na kila siku ya miaka hiyo walimvalisha mtoto, wakamlisha, wakamfuta mate, na mtu fulani kwenye familia akawaangalia kwa jicho lile.

## Mama wa wasichana wawili

Ili kuitafuta jeni kwenye kromosomu unahitaji familia yenye wagonjwa zaidi ya mmoja, ulinganishe walichorithi na ambacho hawakurithi. Familia za hivyo duniani zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Mojawapo ilikuwa na wasichana wawili wa mama mmoja, baba tofauti, wote wana Rett. Kwa familia chache kama hizo, Zoghbi na watafiti wengine waliichuja X kipande kwa kipande mpaka ikabaki ncha yake, sehemu inayoitwa Xq28. Kisha jeni moja baada ya nyingine katika ncha hiyo ikasomwa herufi kwa herufi.

Mwaka 1999 Ruthie Amir, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Zoghbi, alilikuta kosa. Jeni ilikuwa MECP2. Protini inayotengenezwa na jeni hiyo ilikwisha kujulikana tangu 1992 kwa kazi ya Adrian Bird na wenzake, bila mtu kuihusisha na mtoto yeyote. Kati ya wasichana 21 waliokuwa peke yao katika ukoo, makosa yalionekana kwa 5, na kwa wote watano wazazi hawakuwa nayo. Lilikuwa kosa jipya, lililoanzia kwa mtoto mwenyewe. Baadaye, upimaji ulipokamilika zaidi, MECP2 ilikutwa na kosa kwa karibu asilimia 95 ya wenye dalili kamili.

Nilipofika hapo nikashusha pumzi. Sasa nimejua, nikajiambia. Kesho nampigia simu.

Sikupiga. Kulikuwa na sentensi moja zaidi, ya wale wasichana wawili wa mama mmoja. Wote wawili walikuwa na kosa moja lilelile, kwa hiyo njia ni mama yao. Lakini walipopima damu ya mama, kosa halikuonekana. Maelezo yanayobaki ni kwamba lilikuwa katika baadhi ya mayai yake tu, limejificha mahali ambapo kipimo cha damu hakifiki, na yeye mwenyewe mzima wa afya.

Nilisoma sentensi hiyo nikaona jibu langu limepasuka. "Si wewe" ni kweli kwa karibu wote. Kwa yule mama mmoja, kama neno hilo lina maana ya "halikupitia kwako", si kweli. Lilipitia kwake mara mbili.

Ilinichukua siku kadhaa kutenganisha maneno mawili ambayo maisha yangu yote nimeyasikia yamefungwa pamoja. Kupitia kwa mtu ni jambo moja. Kosa la mtu ni jambo jingine. Yule mama hakutenda chochote. Hakuchelewa wala kuwahi, hakulala pabaya wala pazuri. Mvua hupitia bondeni, na hakuna anayelishitaki bonde.

## Upande wa baba

Halafu nikakutana na jambo lililonitia woga zaidi.

Miaka michache baada ya 1999 watafiti walifuatilia kosa hilo jipya huanzia kwenye X ipi, ya yai au ya mbegu. Kwa wingi mkubwa, linaanzia upande wa baba. Sababu ni ya kawaida kabisa: mayai ya mwanamke yanakuwapo tangu hajazaliwa, lakini mbegu za mwanamume hutengenezwa kila siku, na kila zikitengenezwa herufi kama bilioni 3 hunakiliwa upya. Anayenakili kila siku ndiye mwenye nafasi nyingi za kuteleza. Na kwa kuwa baba humpa X yake binti peke yake, wa kiume akipewa Y, hilo nalo linachangia kwa nini wagonjwa ni wasichana.

Nilifurahi, kwa dakika moja. Nataka kuikiri furaha hiyo jinsi ilivyokuwa. Nilimwona mama mkwe akiambiwa kwamba ni mwanawe.

Kisha nikamwona yule baba kwenye usukani usiku, kati ya Tunduma na Kasumbalesa, akiwa amebebeshwa kitu ambacho mke wake amekibeba miaka mitatu. Sikuwa nimesoma wiki zote hizo ili niuhamishe mzigo kutoka bega hili kwenda lile. Nikajua kwamba nikiusema ukweli huu nitausema kwao wote wawili wakiwa wamekaa pamoja, au nisiuseme kabisa.

## Na wao walikuwa na kwao

Nilidhani kumlaumu mama ni mambo yetu ya Pwani. Si hivyo. Marekani ya miaka ya 1950 na 1960, mtoto mwenye usonji akiletwa kwa wataalamu, wengi walimgeukia mama. Walisema ni baridi, hana mapenzi, mtoto amejifungia ndani kwa kukosa joto lake. Waliwaita akina mama wa friji. Wanawake walioshinda na kukesha na watoto wao waliambiwa hivyo na madaktari wenye shahada ukutani.

Mmoja wa waliowapinga mapema, mwaka 1964, alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakachapisha Uingereza utafiti wa jozi 21 za pacha. Kati ya jozi 11 za kufanana kabisa, mara 4 wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya jozi 10 zisizofanana, haikutokea hata mara moja. Mama ni mmoja, maziwa ni yaleyale, joto ni lilelile. Kilichotofautiana ni kiasi cha jeni wanazoshirikiana.

Kubemenda kulikuwapo kila mahali, basi. Majina tu yalibadilika.

## Chumvi

Kupata jeni hakukumwachisha Zoghbi kazi, na sehemu hii ya maisha yake ndiyo iliyonifundisha nisiharakishe matumaini.

Wazo la kwanza la kila mtu ni hili: protini imepungua, basi iongezwe. Mwaka 2004 maabara yake ilionyesha kwamba panya wenye protini hiyo mara mbili ya kawaida nao wanaugua, na kadiri wanavyokua ndivyo wanavyozidi kuugua. Mwaka uliofuata watafiti wa Ulaya wakaeleza habari za wavulana waliozaliwa na nakala mbili za sehemu hiyo ya X, wenye ulemavu mzito na maambukizi ya mara kwa mara. Ubongo unaitaka MECP2 kama mchuzi unavyoitaka chumvi. Ikipungua ni ugonjwa, ikizidi ni ugonjwa mwingine, na mpishi hana nafasi ya kuonja.

Ila mwaka 2007 Adrian Bird na wenzake huko Scotland walifanya jambo ambalo bado naliwaza nikiwa kazini. Walikuwa na panya ambao jeni hiyo ilikuwa imefungwa tangu mwanzo, wanatetemeka, wengine karibu kufa. Wakaifungua wakiwa wamekwisha kukua. Panya wakapata nafuu, wakatembea. Maana yake ni kwamba seli za ubongo hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zinangoja.

Mwaka 2015 maabara ya Zoghbi ikaonyesha na upande wa pili, kwamba hata panya waliozidishiwa wanaweza kurejea wakipunguziwa. Yeye na Bird walipewa pamoja tuzo ya Shaw mwaka 2016 na tuzo ya Brain mwaka 2020.

Kwa wasichana wenyewe, mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya Rett, trofinetaidi. Hupunguza baadhi ya dalili, haiponyi, na bei yake ni mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka. Mwaka huohuo majaribio ya kuwaingizia wagonjwa jeni inayofanya kazi yalianza Marekani na Kanada. Nikilinganisha bei hiyo na nauli ya bodaboda ambayo mama mkwe huiomba kwa majirani, sina neno la kuandika.

## Ng'ambo ya mpaka

Kwa muda mrefu damu zilizosomwa katika tafiti hizi zilikuwa za watu wenye asili ya Ulaya. Ukipata herufi isiyo ya kawaida kwa mtoto wa hapa, unashindwa kusema ni ugonjwa au ni tofauti tu ya watu wetu, kwa sababu watu wetu hawamo kwenye daftari. Ndiyo maana nilifurahi kusoma kuhusu utafiti wa NeuroDev, wa Kilifi na Cape Town. Maelezo yake yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikusudia kufikia watu 5,600: watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo, wazazi wao, na watoto wasio na matatizo hayo. Miongoni mwa waliouongoza yuko Profesa Amina Abubakar, Mkenya aliyetumia miaka mingi kutafuta namna ya kupima ukuaji wa watoto wa Pwani kwa maswali ambayo mama wa Pwani anayaelewa.

Kilifi na Tanga ni ufuo mmoja. Mama wa kule naye ameulizwa alilala wapi.

## Jumanne iliyopita

Walikuja watatu. Mkwe alibaki nyumbani na mdogo wake mtoto, na baba alikuwa amepata likizo. Ni mara ya kwanza kumwona. Mrefu, mpole, hajui aweke wapi mikono yake.

Niliwaketisha wote kwenye mkeka. Nikamwambia mama, "Uliniuliza nimejuaje. Sikuwa nimejua. Sasa nimesoma."

Nikawaeleza kwamba sina jina la hakika la ugonjwa wa mtoto wao, kwamba kipimo chenyewe hakipo hospitalini kwetu, na kwamba nimezungumza na daktari wa watoto tuandike rufaa. Kisha nikawaambia habari za benchi la Vienna, na wasichana wa Sweden na Ufaransa na Ureno na Houston, wanaofua hivihivi, katika nchi ambazo neno kubemenda halijawahi kusikika. Nikasema, kama ni ugonjwa ule, ulikuwa ndani ya mtoto kabla hajazaliwa. Ulimngoja tangu tumboni. Na hata kama si ule, mimba ya mdogo wake haikumnyang'anya chochote.

Mama alilia bila sauti. Baba alinyamaza muda mrefu.

"Na hiyo herufi," akauliza, "nani aliyeikosea?"

Nikamwambia hakuna. Nikamweleza kunakili, bilioni 3, na kwamba mara nyingi huteleza upande wa baba kwa sababu ndiko kunakonakiliwa kila siku. Nilisema polepole, nikiwatazama wote wawili. Nikaongeza kwamba kwa mtoto huyu hatujui bado, tusitangulie kipimo.

Akatikisa kichwa. "Kwa mama nitasema imetoka kwangu."

"Baba, subiri kwanza majibu."

"Majibu yatakuja, dada. Kwa mama nitasema leo."

Mke wake akamgeukia. Sijui alitaka kusema nini, maana hakusema. Alikuwa bado ameifumbata mikono ya mtoto kama siku ile. Akaiachia, na mtoto akaendelea kufua.